Vilele 11,000 na histidini isiyoonekana: kutambua ribosomu iliyokwama kweli

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Nimepakua data za wazi za nyayo za ribosomu (vipande vya mRNA, yaani nakala ya jeni, vilivyofunikwa na ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini) kutoka kwenye hamira: sampuli mbili za kawaida, na mbili zilizotiwa kemikali ya 3-AT ili seli zikose histidini, mojawapo ya asidi amino. Nimekata adapta (kipande cha maabara kilichounganishwa kwenye ncha), nikabakiza visomo (mifuatano iliyosomwa na mashine) vya nyukleotidi, yaani herufi, 27 hadi 32, nikavipanga kwenye jenomu kwa programu ya STAR, halafu nikagawa visomo vya kila kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja) kwa wastani wa jeni yake. Nimepata maeneo zaidi ya 11,000 yenye alama, yaani jibu la mgawanyo huo, ya 10 au zaidi, lakini kodoni za histidini hazijitokezi kuliko nyingine. Msimamizi wangu anauliza kama ribosomu zimekwama kweli au ni kelele za data. Nimjibu nini? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 16.

JIBU: Mwambie kwamba bado huwezi kusema, na sababu umeshaiandika mwenyewe: histidini haijitokezi.

3-AT huzuia kimeng'enya cha His3, ambacho hamira hukitumia kujitengenezea histidini. Seli zikiwa kwenye chakula kisicho na asidi amino hiyo, tRNA ya histidini, yaani molekuli inayoileta kwenye ribosomu, hubaki tupu, na ribosomu inayofika kwenye CAC au CAU, kodoni za histidini, haina la kufanya ila kusubiri. Hamira hutumia aina moja tu ya tRNA kwa kodoni hizo mbili, kwa hiyo zote mbili lazima zipande. Hapo ndipo penye thamani ya jaribio hili: jibu lake linajulikana kabla hujawasha kompyuta. Uchanganuzi ulioshindwa kuliona jibu hilo hauwezi kuaminika kwenye maeneo 11,000 ambayo hakuna anayeyajua. Orodha yako iweke kando kwanza, tuitafute histidini. Kuna mahali patatu inapopotelea mara nyingi.

Pa kwanza ni urefu wa visomo. Tangu Ingolia na wenzake walipochapisha njia hii mwaka 2009, watu wamezoea unyayo wa nyukleotidi 28 hivi, na kichujio chako cha 27 hadi 32 kimetokana na mazoea hayo. Lakini mwaka 2014 Lareau na wenzake walionyesha kwamba hamira hutoa pia nyayo fupi, za nyukleotidi 20 hadi 22, na mwaka 2019 kundi la Rachel Green likaeleza maana yake vizuri zaidi: ribosomu ambayo nafasi yake ya A iko wazi, yaani inayosubiri tRNA, huacha unyayo wa 21, kwa sababu RNase I, kimeng'enya kinachokata RNA, inaweza kupenya na kukata upande wa 3′, yaani wa mwisho. Ribosomu yenye tRNA ndani ya nafasi ya A huacha unyayo wa 28. Sasa jiulize ribosomu inayosubiri histidini iko katika hali gani. Nafasi yake ya A ni tupu. Ulipotupa visomo vilivyo chini ya 27, ulitupa hasa zile ulizokuwa unazitafuta.

Rudia kukata adapta ukiacha mlango wazi zaidi:

cutadapt -j 4 -a CTGTAGGCACCATCAAT -m 18 -M 35 --discard-untrimmed -o safi.fq ghafi.fq.gz

Adapta hiyo ni ile iliyotumika sana kwenye data za miaka ya mwanzo; yako ithibitishe kwenye maelezo ya mbinu ya waliozalisha data. Ukishakata, chora mchoro wa urefu wa visomo kabla ya hatua nyingine yoyote. Ukiona mlima kwenye 28 na mwingine mdogo kwenye 20 hadi 22, una bahati. Ukiona hakuna kitu kabisa chini ya 25, basi waliotengeneza maktaba (mkusanyiko wa vipande vya kusomwa) walikata jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu, juu ya hapo, na nyayo fupi zilibaki maabara kwao. Hakuna programu itakayozirudisha. Tafuta data nyingine.

Pa pili ni dawa. Soma tena sehemu ya mbinu, utafute cycloheximide, dawa inayosimamisha ribosomu, na uangalie iliwekwa lini. Ikiwa ilitiwa kwenye seli zikiwa bado hai, kabla ya kuvunwa, ribosomu hazikusimama papo hapo. Ziliendelea kujikokota mbele, na kilele kilichopaswa kuwa juu ya CAC kikasambaa makumi ya kodoni mbele yake kama tuta pana lenye kina kifupi. Hussmann na wenzake waliliweka wazi jambo hili mwaka 2015. Kwa hiyo usihesabu kodoni iliyo katika nafasi ya A peke yake. Chora wastani kutoka kodoni 20 kabla ya histidini hadi kodoni 80 baada yake. Tuta likionekana mbele, umejua ugonjwa, lakini usidanganyike kwamba unaweza kulisukuma lirudi mahali pake kwa hesabu. Data nzuri ni zile ambazo seli zilichujwa haraka na kugandishwa kwa naitrojeni kimiminika, dawa ikawekwa kwenye kimiminika cha kuvunjia seli tu. Hata hapo, cycloheximide ikiwa peke yake huzishika ribosomu katika hali ya unyayo wa 28. Kundi la Green liliongeza dawa ya tigecycline ili zile za 21 zibaki kama zilivyokuwa.

Pa tatu ni kuhesabu kodoni isiyo yake. Kisomo kina mwanzo na mwisho, lakini wewe unataka kujua ni kodoni ipi ilikuwa ndani ya nafasi ya A. Kwa hamira na RNase I, mwanzo wa unyayo wa 28 huwa nyukleotidi 12 kabla ya kodoni iliyo katika nafasi ya P (iliyo nyuma ya A, yenye tRNA iliyoshika protini inayojengwa), na 15 kabla ya ile ya A. Nyayo za 21 hufupishwa upande wa 3′, kwa hiyo mwanzo wake hukaa palepale na 15 hufanya kazi pia. Usiniamini bila kupima: kwa kila urefu peke yake, chora mianzo ya visomo vyote kuzunguka AUG za mwanzo (kodoni za kuanzia). Kilele kinapaswa kuangukia kwenye −12. Kikiwa −13 kwa visomo vya 29, tumia 16 kwa hivyo. Angalia pia mapigo ya tatu-tatu: ikiwa kwa urefu fulani chini ya asilimia 60 ya visomo viko kwenye fremu moja (nafasi ileile ndani ya kodoni), mimi huuacha urefu huo nje ya hesabu ya kodoni, hata kama una visomo vingi.

Hapo kuna mtego mdogo unaoharibu kazi za watu wengi. Kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA hupenda kuongeza nyukleotidi moja isiyokuwepo, nayo hutokea mwanzoni mwa kisomo. Unyayo wa 28 unajifanya 29, na mwanzo wake unasogea hatua moja nyuma. STAR ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida hukata ncha zisizolingana kimyakimya, wakati mwingine hiyo ya bandia, wakati mwingine ya kweli, nawe hujui ipi. Iagize isikate:

STAR --alignEndsType EndToEnd --outFilterMismatchNmax 1 --outFilterMultimapNmax 1 --outSAMattributes NH MD

(pamoja na njia za faili zako). Kisha soma alama ya MD ya kila kisomo, inayotaja mahali kisipolingana na jenomu. Kwenye uzi chanya wa DNA, MD inayoanza na 0, kwa mfano MD:Z:0A28, maana yake herufi ya kwanza hailingani na jenomu: iondoe, kisomo kihesabiwe kuwa cha 28. Kwenye uzi hasi, alama hiyo hutokea mwishoni mwa MD. Unapotengeneza faharasa ya jenomu ya hamira, ambayo ina nyukleotidi milioni 12 hivi, weka --genomeSAindexNbases 10. RAM yako inatosha na kubaki. Kabla ya STAR, pitisha visomo kwenye faharasa ya rRNA (RNA ya ribosomu yenyewe) na tRNA kwa programu ya bowtie ili uvitoe. Usishangae ikiwa zaidi ya nusu vitaondoka.

Jambo jingine kabla hatujaiacha hatua hii: usiondoe rudufu kwa kuangalia mahali zilipoangukia. Ribosomu 300 zilizokwama kwenye kodoni ileile huzaa visomo vinavyofanana herufi kwa herufi, na programu ya kuondoa rudufu itabakiza vichache tu. Utakuwa umekisawazisha kilele chenyewe. Rudufu huondolewa pale tu maktaba ina UMI (herufi za nasibu zinazotambulisha kila kipande cha awali), kwa programu ya UMI-tools, na UMI lazima ivunwe kabla ya kupanga visomo kwenye jenomu.

Sasa rudi kwenye maeneo yako 11,000. Idadi ya nyayo kwenye kodoni hutokana na mambo mawili: ni ribosomu ngapi zinapita, na kila moja inakaa muda gani. Ni kama picha ya barabara iliyopigwa kutoka juu: daladala nyingi mahali pamoja zaweza kuwa foleni, au barabara hiyo ina magari mengi tu. Kugawa kwa wastani wa jeni kunaondoa jambo la kwanza, na ulifanya vyema. Ila kuna jambo la tatu ambalo mgawanyo huo unalikuza badala ya kuliondoa, nalo ni bahati.

Chukua jeni yenye wastani wa visomo 0.2 kwa kodoni. Alama ya 10 kwenye jeni hiyo ni visomo viwili tu. Kwa mgawanyo wa Poisson, uwezekano wa kodoni kupata visomo viwili au zaidi kwa bahati ni 0.0175. Ukiwa na kodoni 600,000 kwenye jeni hafifu za namna hiyo, utavuna maeneo 10,500 hivi bila ribosomu hata moja kukwama. Linganisha na namba yako. Kwenye jeni yenye wastani wa kisomo 1 kwa kodoni, alama hiyohiyo ya 10 inahitaji visomo 10, na uwezekano wake kwa bahati ni kama 1 kati ya milioni 9. Panga maeneo yako kwa wastani wa jeni na uone yamejazana wapi. Nina hakika mengi yako kwenye jeni zenye visomo vichache.

Kwa hiyo weka sharti la wastani wa angalau kisomo 1 kwa kodoni katika kila sampuli, na angalau visomo 10 juu ya eneo lenyewe. Punguza sampuli kubwa kwa kuchagua visomo bila mpangilio hadi zote nne zilingane, kwani sampuli iliyosomwa zaidi hupata maeneo mengi zaidi hata kama seli ni zilezile. Eneo likubaliwe likionekana katika marudio yote mawili ya 3-AT. Na Poisson isiwe kipimo cha mwisho: data halisi hutawanyika zaidi yake, kwa hiyo kadiria mtawanyiko kutoka kwenye tofauti kati ya sampuli zako mbili za kawaida, tumia mgawanyo wa binomia hasi, kisha sahihisha thamani za p kwa wingi wa vipimo, kwa njia ya Benjamini na Hochberg. Wenye data hizo wakiwa waliweka pia RNA-seq (usomaji wa mRNA yenyewe, si nyayo) iliyotengenezwa kwa adapta na laigesi (vimeng'enya vya kuunganisha) zilezile, ihesabie alama ya kukwama kana kwamba ni nyayo. Hakuna ribosomu mle. Kilele kinachotokea kwenye RNA-seq pia kimetengenezwa na maktaba, na kifutwe bila huruma.

Kwa kodoni 61 zinazotaja asidi amino, kwa ujumla wake hali ni rahisi zaidi, maana unakusanya maelfu ya mahali. Gawa kila jeni kwa wastani wake, ukiacha nje kodoni 20 za mwanzo na 20 za mwisho, chukua wastani wa kila kodoni ikiwa katika nafasi ya A, halafu gawa 3-AT kwa kawaida. Fanya hivyo kwa nyayo za 20 hadi 22 peke yake, kisha 27 hadi 30 peke yake, usizichanganye. CAC na CAU zinapaswa kutoka juu wazi kwenye kundi la kwanza. Kwenye la pili huenda zikaonekana pia, dhaifu zaidi.

Ukishaziona, kuna jambo litakaloonekana kama ugunduzi nalo si ugunduzi: kodoni nyingine zote zitashuka. Fikiria jeni ya kodoni 400 yenye histidini 9, na kila histidini sasa inachukua muda mara 10. Jumla ya muda ni 391 + 90, yaani 481, na wastani mpya ni 1.2. Histidini zitapata alama ya 8.3 badala ya 10, na kodoni zisizoguswa zitapata 0.83. Hazijaenda kasi zaidi. Zimegawiwa kwa wastani uliopandishwa na jirani zao. Dawa yake ni kukokotoa wastani wa jeni bila kodoni za histidini, au kutumia kizio ambacho histidini haziwezi kukivuta, kama wastani uliokatwa ncha.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuuliza swali ambalo msimamizi wako analijali zaidi, yaani kama kusubiri huko kumekuwa mkwamo wenye madhara. Ribosomu ikisubiri muda mrefu, ya nyuma huigonga. Kwenye wastani uliochora kuzunguka histidini, tazama kodoni 10 kabla, yaani nyukleotidi 30: kituta kidogo hapo ni alama ya foleni. Ushahidi wa moja kwa moja ni nyayo za ribosomu mbili zilizobanana, zenye nyukleotidi 58 hadi 62, ambazo RNase haiwezi kuzitenganisha. Ila huzipati kwenye maktaba ya kawaida kwa sababu mbili: jeli ilikatwa chini ya hapo, na mashine iliyosoma herufi 50 haifiki kwenye adapta, kwa hiyo --discard-untrimmed inavitupa vyote. Ukipata data za namna hiyo zilizosomwa herufi 75 au zaidi, umbali wa kuanzia mwanzo wa unyayo hadi nafasi ya A ya ribosomu ya mbele ni 45 hivi, yaani 15 na 30.

Na usichukue ukosefu wa kilele kuwa ni usalama. Seli hutambua mgongano: kwenye hamira ni protini ya Hel2, kwenye binadamu ZNF598. Ribosomu hutenganishwa, na wakati mwingine mRNA yenyewe hukatwa. Eneo linalokwamisha vibaya zaidi linaweza kuwa limeshasafishwa kabla ya kuvuna seli, likaacha pengo badala ya kilele. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia hamira isiyo na Dom34, protini inayookoa ribosomu zilizokwama, zinapotaka kuziona ribosomu zilizofika kwenye ncha ya mRNA iliyokatika. Hizo huacha nyayo za nyukleotidi 16 hivi, na kichujio chako cha -m 18 kitazitupa. Rekebisha kichujio kulingana na swali unalouliza.

Kuna kitu ambacho alama hii haikioni kabisa, nacho ni kupungua kwa kasi kwa ribosomu zote kwa pamoja. Kila kodoni ikichukua muda mara mbili, wastani wa jeni nao unazidishwa mara mbili, na mchoro unabaki vilevile. Chini ya msongo hilo si jambo la nadharia tu, kwani protini ya Gcn2 inayoamshwa na tRNA tupu hupunguza pia idadi ya ribosomu zinazoanza kazi. Kasi halisi hupimwa kwa jaribio jingine: unazuia ribosomu mpya zisianze kwa dawa ya harringtonine, kisha unavuna kila baada ya sekunde kadhaa na kuangalia pengo linavyosonga. Ingolia na wenzake walipata kodoni 5.6 kwa sekunde kwenye seli shina za panya mwaka 2011. Kwa data ulizonazo sasa, andika waziwazi kwamba unapima tofauti ndani ya jeni, basi.

Gcn2 inakupa hata hivyo kipimo kingine cha bure. Jeni ya GCN4 ina vifungu vinne vidogo vya kusomwa kabla ya sehemu yake kuu, na seli zikikosa asidi amino ribosomu husoma cha kwanza, huruka vilivyobaki na kufika kwenye sehemu hiyo kuu. Hesabu visomo ndani ya GCN4: visipopanda kwenye sampuli za 3-AT ukilinganisha na za kawaida, basi ama seli hazikusikia njaa au majina ya faili yamebadilishana. Hundi hii ni ya dakika tano, na ningeifanya kabla ya kitu kingine chochote.

Ukija kuhamia kwenye msongo wa joto, usiubebe uchanganuzi huu kama ulivyo. Mwaka 2013 Shalgi na wenzake walionyesha kwenye seli za mamalia kwamba joto kali husimamisha ribosomu karibu na kodoni ya 65, si kwenye kodoni ya aina fulani. Peptidi inakuwa imeanza kutokeza nje ya handaki la ribosomu, na protini saidizi za Hsp70 zilizopaswa kuipokea zina kazi nyingine. Jedwali la kodoni 61 halitaonyesha chochote, na ukiwa na tabia ya kukata kodoni 100 za mwanzo utakuwa umeufuta ushahidi wote. Hapo chora wastani wa jeni zote kuanzia kodoni ya 1 hadi 300. Lakini kumbuka kwamba cycloheximide iliyotiwa kwenye seli hai nayo hurundika ribosomu mwanzoni mwa jeni, kwa sababu zinaendelea kuanza wakati zilizo mbele zimezuiwa. Gerashchenko na Gladyshev walionyesha mwaka 2014 kwamba mrundikano huo kwenye hamira yenye msongo hubadilika kwa kiasi cha dawa. Data za joto zilizovunwa kwa dawa hiyo ningezikataa.

Kwa wiki hii, fuata mpangilio huu: GCN4 kwanza, kisha mchoro wa urefu, kisha −12 kwa kila urefu, kisha CAC na CAU kwenye nyayo fupi. Mpelekee msimamizi michoro hiyo minne. Ikiwa histidini imepanda, endesha upya orodha ya maeneo kwa masharti mapya, na utarajie mamia badala ya maelfu, mengi yake yakiwa na CAC au CAU katika nafasi ya A. Yale machache yasiyo na histidini ndiyo ya kufungua moja moja kwenye programu ya IGV na kuangalia kwa macho: je, kilele kimejengwa na visomo vya urefu tofauti, au ni kisomo kimoja kilichorudiwa mara 200? Cha pili huenda ni PCR, yaani hatua ya maabara ya kunakili DNA.